WordPress inakataa picha? Achana na 777
Ukipandisha picha, WordPress inalalamika kwamba imeshindwa kutengeneza folda ndani ya uploads. Najua kuna mtu ameshaandika chmod 777, yaani amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Futa kwanza hiyo amri. Ukiipitisha, akaunti yoyote iliyomo kwenye seva itaweza kuandika humo, hata ya tovuti ya jirani iliyokwisha kudukuliwa.

Natumia Ubuntu na Nginx (programu inayohudumia tovuti). Kwanza tujue ni akaunti gani inayoendesha PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress:

ps aux | grep php-fpm

Tazama safu ya kushoto kabisa. Ule mchakato mkuu ni wa root, akaunti ya msimamizi mkuu, lakini hii mingine, inayoendesha skripti zako, ni ya www-data, akaunti ya huduma za tovuti. Sasa ingia kwenye folda ya tovuti, uandike:

ls -ld wp-content/uploads

Unaona? drwxr-xr-x, root root. Folda ni ya root, pengine kwa sababu ilitengenezwa kwa sudo, amri ya kutumia nguvu za root. www-data anahesabiwa kwenye zile herufi tatu za mwisho, r-x: anasoma, anaingia, haandiki. Tumbadilishe mmiliki:

sudo chown -R www-data:www-data wp-content/uploads

Kabla ya kubonyeza Enter, soma njia tena. Hiyo -R inashuka mpaka chini, haikuulizi.

Nimegusa uploads peke yake. Wengi humpa www-data tovuti nzima ili masasisho yapite bila usumbufu. Mimi sipendi, kwa sababu plagini moja yenye tundu inatosha mdukuzi kuandika upya msimbo wako wote.

Ruhusa zenyewe: folda 755 (rwxr-xr-x), mafaili 644 (rw-r--r--). Kwenye folda, x ndiyo ruhusa ya kuingia, ndiyo maana namba hazifanani.

sudo find wp-content/uploads -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find wp-content/uploads -type f -exec chmod 644 {} +

Sasa tujaribu kama www-data mwenyewe:

sudo -u www-data touch wp-content/uploads/jaribio.txt

Ikikaa kimya, imekubali. Ikikataa bado, kizuizi kiko huko juu:

namei -l $PWD/wp-content/uploads

Inaonyesha kila folda ya njiani na mmiliki wake. Ukikuta tovuti iko ndani ya /home, mchawi ndiye huyo: tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hutengenezwa na 750, kwa hiyo www-data anaishia mlangoni. Hamishia tovuti /var/www, rekebisha mstari wa root (hapa ni njia ya folda ya tovuti, si ile akaunti) kwenye mipangilio ya Nginx, uipakie upya, kisha rudia touch.

Jaribio likipita, futa jaribio.txt, upandishe picha yako.