Mwaka 1941: Wachora Katuni Walipoinuka Mezani

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojifunza uhuishaji,

Nimeombwa nizungumzie mwaka mmoja tu katika historia ya filamu za katuni, nami nimechagua mwaka 1941. Huenda wengi wenu mlitarajia nichague 1928, Mickey Mouse alipotokea akiwa na sauti, au 1937, filamu ndefu ya Snow White ilipowaliza watu wazima sinemani, au 1995, ilipotoka filamu ndefu ya kwanza iliyoundwa yote kwa kompyuta. Miaka hiyo ina heshima yake. Hata hivyo, tunapoisimulia hujikuta tukisimulia habari za mitambo na za watu wachache wenye majina makubwa, ilhali mwaka 1941 unatulazimisha kuwasimulia waliokaa mezani wakichora, kwa kuwa ndio mwaka walioinuka na kutoka nje, wakaigomea studio ya Walt Disney. Hoja yangu jioni hii ni kwamba sura iliyokuja kuenea katika katuni za miaka iliyofuata, ile ya mistari michache na rangi bapa, ilitokana na ugomvi wa kazi na vita kuliko ilivyotokana na uvumbuzi wowote wa kiufundi.

Tuanze na namna kazi yenyewe ilivyofanyika. Filamu hupita mbele ya taa kwa kasi ya fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 64, kama ilivyo Dumbo iliyotoka mwaka huo, ina fremu zinazozidi 92,000. Hata mchoro mmoja ukipigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, kama ilivyokuwa desturi, bado mhusika mmoja huhitaji maelfu ya michoro, na wahusika wakiwa watatu katika tukio moja kazi huwa mara tatu. Mchoraji mkuu alichora kwa penseli mikao muhimu ya mwendo. Msaidizi wake akaisafisha. Vijana wa ngazi ya chini wakajaza mikao iliyo baina yake. Baada ya hapo michoro ilipelekwa kwenye jengo la wino na rangi, ambako wafanyakazi karibu wote walikuwa wanawake.

Ningependa tutue kidogo katika jengo hilo. Mwanamke aliyepewa kazi ya wino aliweka karatasi angavu ya seluloidi juu ya mchoro wa penseli, akavaa glavu nyeupe ya pamba iliyokatwa baadhi ya vidole ili jasho la mkono lisiache alama, kisha akaufuatisha ule mstari kwa kalamu bila kutetereka. Unene wa mstari ulipotofautiana hata kidogo na ule wa karatasi iliyotangulia, mstari ungetikisika mbele ya watazamaji, na kazi ingerudiwa. Mwenzake aliipokea karatasi ilipokauka, akaigeuza, na kupaka rangi upande wa nyuma, ndani ya mipaka ya wino, kwa rangi iliyotajwa kwa namba. Kila mstari mtakaouona katika filamu ndefu za Disney za miaka ile umepita katika mikono ya wanawake hao, na ujira wa wengi wao ulikuwa dola 18 hivi kwa wiki, wakati wachoraji wa ngazi ya juu kabisa walipata dola 300 hivi kwa muda uleule.

Tofauti hiyo ilikuwa ya zamani, na kwa miaka kadhaa watu waliivumilia. Studio ilipokuwa ndogo walifahamiana, na wakati wa kuitengeneza Snow White walikesha kazini wakiamini kuwa faida ikipatikana nao wataionja. Faida ilipatikana, tena kubwa sana. Sehemu kubwa yake ilikwenda kujenga studio mpya huko Burbank, California, yenye majengo ya kupendeza na mitambo ya kupoza hewa, na ndani yake ngazi za watu zikaonekana wazi kuliko zamani. Juu ya jengo la wahuishaji kulikuwa na klabu ya mapumziko ya wanaume wenye mishahara mikubwa tu. Wanawake hawakuruhusiwa humo. Isitoshe, katuni fupi za studio hiyo zilitoka zikiwa na jina la Walt Disney bila majina ya waliozichora, kwa hiyo hata mchoraji aliyesifiwa na wenzake wote hakuweza kumwonyesha mama yake jina lake sinemani.

Mwaka 1940 mambo yalikwenda mrama. Filamu za Pinocchio na Fantasia ziligharimu zaidi ya dola milioni 2 kila moja, na vita vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya ambayo zilitegemewa kulipa gharama hizo. Deni la benki likapanda, hisa zikauzwa kwa umma, na minong'ono ya kupunguza wafanyakazi ikaanza. Mwezi Februari 1941 Walt Disney aliwakusanya wafanyakazi wake katika ukumbi wa studio akawahutubia kwa kirefu, akawaeleza jinsi alivyohangaika kuijenga kampuni, na kuwaambia kwamba ni kanuni ya ulimwengu wenye nguvu wabaki na wanyonge waanguke njiani. Naamini alisema alichokiamini kwa dhati, maana yeye mwenyewe alikuwa ameinukia katika umaskini. Lakini mwenye dola 18 kwa wiki akiambiwa hivyo na tajiri wake, hana lingine la kusikia ila kwamba amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wanyonge, na hotuba iliyokusudiwa kutuliza watu iliwasukuma wengi wao kwenye chama cha wafanyakazi.

Chama hicho, Screen Cartoonists Guild, kilikuwa kimekwisha kukubaliwa na studio nyingine. Leon Schlesinger, aliyekuwa akitengeneza katuni za kampuni ya Warner, aliwafungia lango wachoraji wake mwezi Mei, na baada ya siku chache tu akakubali kutia saini. Disney alishikilia uzi uleule: wafanyakazi wake walikuwa na chama cha ndani, na hicho kilitosha. Tatizo lake ni kwamba aliyekuwa rais wa chama hicho cha ndani, Art Babbitt, alikuwa amekihama baada ya kubaini kwamba hakina meno. Babbitt ndiye aliyempa Goofy mwendo na tabia tunazozijua, na ndiye aliyechora uyoga wanaocheza ngoma katika Fantasia. Mshahara wake ulikuwa miongoni mwa ile mikubwa kabisa, na yeye binafsi hakuwa na shida yoyote ya fedha. Alifukuzwa kazi mwishoni mwa Mei pamoja na wanachama wengine, na tarehe 29 Mei mgomo ukaanza.

Mgomo ule ulidumu wiki tisa hivi. Kwa kuwa wagomaji walikuwa wachoraji, mabango yao yalikuwa ya kuvutia kuliko ya mgomo wowote, na magazeti yaliwapenda kwa sababu hiyo. Walipiga kambi ng'ambo ya barabara, wakapika na kula pamoja, wakasimama langoni kila asubuhi kuwatazama wenzao waliochagua kuingia ndani. Marafiki wa miaka mingi waliacha kuamkiana, na wengine hawakuamkiana tena maishani. Mwezi Juni, wakiwa bado barabarani, studio ilitoa filamu ya The Reluctant Dragon, ambayo sehemu yake kubwa inamtembeza mgeni ndani ya studio ya Burbank na kumwonyesha wafanyakazi wenye tabasamu katika kila chumba. Wagomaji walikwenda kuandamana nje ya majumba ya sinema yaliyoionyesha. Kwa mwanahistoria hii ni hati ya thamani kubwa, kwa sababu ndani ya ukumbi na nje yake palikuwa na maelezo mawili ya kazi moja, siku moja, na mtazamaji aliyelipa kiingilio alilazimika kupita katikati yake.

Msuluhishi wa serikali ya shirikisho ndiye aliyeumaliza mgomo, na kwa sehemu kubwa uamuzi ulikipa ushindi chama. Agosti, Disney aliondoka na kundi la wachoraji wake kwenda Amerika Kusini, safari iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya ujirani mwema, huku kaka yake Roy akibaki kukamilisha mapatano. Mishahara ya chini ilipanda. Studio nayo ilipungua kutoka wafanyakazi 1,200 hivi hadi 700 hivi, kwa hiyo wapo waliopata haki yao bila kubaki na kazi. Tyrus Wong, mzaliwa wa China ambaye michoro yake ya msituni ndiyo iliyoipa Bambi ukungu na mwanga wake, aliachishwa kazi baada ya mgomo huo, mwaka mmoja kabla filamu hiyo kutoka.

Dumbo ilitoka tarehe 23 Oktoba, na ndiyo filamu ninayowaomba muitazame upya mkijua hayo yote. Iligharimu chini ya dola milioni 1, mandhari yake ikapakwa kwa rangi za maji badala ya ufundi mzito wa Pinocchio, na wasambazaji walipolalamika kuwa ni fupi mno, Disney alikataa kuirefusha. Umaskini huo uliifaa. Tazameni pale mama tembo anapofungwa minyororo ndani ya gari, mwanawe akaja usiku kumtembelea: hawaonani uso, kwa kuwa mnyororo haumfikishi mama dirishani, na kinachopita baina ya nondo ni mkonga wake tu, unaopapasa gizani hadi unampata mtoto, unampangusa machozi, kisha unakunjwa uwe bembea. Dumbo hasemi neno hata moja katika filamu nzima. Aliyemchora katika matukio yake yaliyo bora kabisa ni Vladimir Tytla, ambaye alimtazama mwanawe mdogo nyumbani na kuyahamishia mapozi yake kwa ndama wa tembo. Tytla huyo, pamoja na mshahara wake mnono, alitoka nje na wagomaji, na baada ya miaka michache akaiacha studio kabisa. Kwangu mimi hakuna aliyemzidi katika kuchora uzito wa mwili na wa moyo kwa pamoja.

Katika filamu hiyohiyo kuna vikaragosi wa sarakasi wanaoonekana kama vivuli kwenye turubai, wakiimba kwamba wanakwenda kwa bosi kudai nyongeza, na wengi wamelisoma tukio hilo kuwa ni kejeli kwa wagomaji. Kuna pia vibarua weusi wanaosimamisha hema usiku wa mvua, na hawakuchorewa nyuso. Na kuna kunguru aliyepewa jina la sheria za ubaguzi za Marekani, huku sauti yake ikitolewa na mzungu. Sitaki tuyapite hayo kwa haraka kwa sababu tu tumeguswa na tukio la mkonga. Filamu iliyotengenezwa mwaka ambao wachoraji walidai majina yao iliwanyima watu wengine hata nyuso, na uzuri wake haufuti jambo hilo.

Kwingineko mwaka ulikuwa na mambo mengi. Huko Miami, ndugu Max na Dave Fleischer walianza mwezi Septemba kutoa katuni za Superman, zenye vivuli vizito na bajeti kubwa kuliko katuni fupi za kawaida, lakini studio yao ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Paramount, na filamu yao ndefu ya Mr. Bug Goes to Town ilitoka Desemba, wiki ileile ya shambulio la Japani kwenye Pearl Harbor, lililoiingiza Marekani vitani. Kanada ilimwajiri Norman McLaren, aliyechora moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu bila kamera. Studio ya Soyuzmultfilm ilihamishwa kutoka Moscow hadi Samarkand kuyakimbia majeshi ya Ujerumani.

Shanghai inastahili zaidi ya sentensi moja. Huko mapacha Wan Laiming na Wan Guchan walikamilisha filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji barani Asia, Princess Iron Fan, ndani ya maeneo ya mji yaliyotawaliwa na mataifa ya kigeni, yaliyozungukwa pande zote na jeshi la Japani. Kisa ni cha mfalme nyani Sun Wukong anayetafuta upepeo wa kuuzima mlima wa moto, na mwishoni adui hashindwi na shujaa mmoja bali na wengi walioungana, jambo ambalo Wachina waliotazama mwaka huo hawakuhitaji kufafanuliwa. Filamu hiyo ilionyeshwa hata Japani mwaka uliofuata, na miongoni mwa waliovutiwa nayo alikuwa mvulana Tezuka Osamu, ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa katuni za televisheni za nchi hiyo.

Tarehe 8 Desemba wanajeshi wa Marekani waliingia studio ya Burbank na kulichukua jumba la kupigia picha kuwa karakana yao. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya kazi ikawa filamu za mafunzo, zilizotakiwa kwa haraka na kwa gharama ndogo, na hapo ndipo waliotoka kwa sababu ya mgomo walipopata nafasi. Mwaka 1943 watatu kati yao, David Hilberman, Zack Schwartz na Stephen Bosustow, walianzisha studio iliyokuja kuitwa UPA. Walikuwa na fedha kidogo na chuki kubwa dhidi ya ngazi za Burbank, na waliipenda sanaa ya kisasa ya mabango. Wakachora bapa, kwa mistari michache, bila kujaribu kumfanya mhusika aonekane ana nyama na mifupa. Moja ya kazi zao za kwanza, ya mwaka 1944, ililipiwa na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kumsaidia Rais Roosevelt katika uchaguzi. Disney hakusahau: mwaka 1947, mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, alimtaja Hilberman kwa jina.

UPA walishinda Oscar ya katuni fupi ya mwaka 1950 kwa Gerald McBoing-Boing. Mwaka 1953 tuzo hiyohiyo ilichukuliwa na Disney kwa Toot, Whistle, Plunk and Boom, katuni iliyochorwa bapa, kwa mistari michache, na mmoja wa waongozaji wake alikuwa Ward Kimball, mchoraji aliyeendelea kuingia langoni kila asubuhi wakati wa mgomo. Nimeleta zote mbili. Tutazitazama kwa kufuatana, kisha tufungue mjadala, na ninawaomba muiangalie mistari kwa makini kabla ya kuniuliza lolote kuhusu kisa.