Kichocheo Kinachojenga Ndicho Kinachobomoa

Asante, mwenyekiti. Mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea, na sitawaomba radhi. Nitalisema hili mpaka siku nitakapoacha kusoma makala zinazosifu kichocheo kipya, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuliwa, cha kutengeneza plastiki kutokana na hewa ya ukaa, kwa kasi yake tu, bila neno hata moja kuhusu namna plastiki hiyo itakavyofunguliwa ikishachakaa.

Kwanza tumalizane na suala la hewa hiyo ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, maana ndilo linalopigiwa makofi. Ndiyo, kaboni dioksidi inaweza kuwa malighafi. Tunalijua hilo tangu 1969, pale Inoue na wenzake kule Japani walipotumia mchanganyiko wa dietili zinki na maji, wakaunganisha kaboni dioksidi na propilini oksidi kuwa polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli. Asilimia 43 ya uzito wa polima ile ni kaboni dioksidi. Si haba. Lakini pigeni hesabu: dunia inatengeneza takribani tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka. Hata yote ingekuwa ya aina hii, jambo lisilowezekana, ingemeza tani milioni 170 na ushei, ilhali makaa ya mawe, mafuta na gesi vinatoa zaidi ya tani bilioni 35. Haifiki nusu ya asilimia moja! Anayewaambia plastiki hii itaponya hali ya hewa, mpeni kikokotoo. Faida yake iko kwingine. Inapunguza mafuta ya petroli yanayoingia kiwandani, na kiungo cha kaboneti kilichomo ndani yake, kaboni iliyoshikana na oksijeni tatu, kinafunguka. Polithini, ambayo uti wake ni kaboni kwa kaboni, haikupi nafasi hiyo kirahisi.

Mtauliza: kaboni dioksidi ni molekuli iliyotulia, sasa nishati ya kuiingiza kwenye mnyororo inatoka wapi? Inatoka kwenye epoksidi, kundi la molekuli ambamo propilini oksidi imo. Pete yake ya atomu tatu imebanwa, na ikifunguka inaachia nishati nyingi. Kaboni dioksidi inabebwa tu. Kichocheo chenyewe hakichangii chochote kwenye hesabu hiyo, na hapa ndipo wanafunzi wanapoteleza, na baadhi ya wenzangu wenye vyeo pia. Kichocheo hakiamui msawazo uko wapi, yaani mmenyuko utatulia ukiwa na kiasi gani cha kila upande. Kinapunguza tu kizingiti cha nishati cha kuvuka. Ukitoboa mlango ukutani ili watu waingie, umewatobolea pia wa kutoka. Wataelekea upande gani ni kazi ya halijoto, shinikizo la gesi, na kama unaondoa kinachozalishwa au unakiacha. Kwa hiyo molekuli inayounganisha epoksidi na kaboni dioksidi penye joto la wastani na gesi ya kutosha, ndiyo hiyohiyo inayoweza kuzitenganisha ukipandisha joto na kuiondoa gesi. Kama hukulipima hilo, umekisoma kichocheo chako nusu.

Si nadharia. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kichocheo chenye atomu mbili za magnesi kinairudisha polisaikloheksini kaboneti, plastiki ya kaboni dioksidi na epoksidi iitwayo saikloheksini oksidi, kuwa epoksidi na kaboni dioksidi, kwenye nyuzi 120 hivi. Epoksidi ileile, tayari kuanza upya. Hii haifanani na kuyeyusha chupa na kupata plastiki dhaifu kuliko ya awali.

Sasa tuingie jikoni kabisa. Mnyororo unafunguka kuanzia ncha. Ncha inaachia kaboni dioksidi, inabaki oksijeni yenye chaji, imeshikwa na metali. Oksijeni hiyo ina njia mbili. Ikishambulia kaboni ya jirani, inatoka epoksidi, na hongera. Ikishambulia kaboni ya kundi la kaboneti, inatoka kaboneti ya pete, molekuli tulivu mno ambayo mara nyingi hairudi tena kuwa polima. Balaa hilohilo hutokea hata wakati wa kujenga: mnyororo unageuka na kujing'ata. Hapa sasa kichocheo ndicho chenye sauti, kwa sababu kati ya njia mbili, kinaweza kushusha kizingiti cha moja na kuiacha nyingine juu. Huko ndiko kubuni kwenyewe. Unachagua metali, unachagua ligandi, yaani molekuli inayozishika metali hizo, unazipanga zikae umbali gani.

Ndiyo maana napenda metali mbili ndani ya molekuli moja. Kundi la mkemia Charlotte Williams wa Uingereza lilionyesha mwaka 2009 kwamba zinki mbili pamoja zinafanya kazi kwenye shinikizo la angahewa moja tu, wakati wengi walikuwa bado wanahitaji mitungi ya shinikizo kubwa. Baadaye wakaweka magnesi na kobalti pamoja: magnesi inaishika epoksidi na kuiweka mahali pake, kobalti inaisukuma kaboneti ya ncha ya mnyororo iishambulie. Kila metali na kazi yake. Ukizitumia zikiwa mbilimbili za aina moja, huipati kasi hiyo.

Kuna anayewaza: basi kikombe changu kitajifungua chenyewe kabatini? Hakitajifungua, mradi kichocheo kimetolewa au kimeuawa kwa asidi baada ya kazi. Bila mlango, ukuta ni ukuta. Lakini swali ni zuri, na linawahusu wanaoacha mabaki ya metali kwenye polima na kuyaita "kiasi kidogo".

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka. Epoksidi nyingi bado zinatokana na petroli. Limonini ya maganda ya machungwa inatoa njia nyingine, na polima yake ilishatengenezwa mwaka 2004. Polima ya propilini oksidi inalainika karibu na nyuzi 40, kwa hiyo msiipeleke kwenye chai. Ya saikloheksini oksidi inavumilia zaidi ya 100, ila inavunjika ovyo. Maji yakiingia kwenye malighafi, mnyororo unakuwa mfupi, jambo ambalo viwanda vya povu la poliuretani, lile la magodoro, wanalitaka kwa makusudi. Sehemu niliyoandaa juu ya gesi chafu inayotoka moja kwa moja kwenye mabomba ya viwanda naiacha. Ulizeni.