Meza ya kazi kwenye chumba cha futi 10 kwa 10: anza na vaisi

Karibuni. Leo tunafunga meza ya kazi ndani ya chumba cha kupanga hapa Ngarenaro, Arusha. Chumba kina kitanda, kabati na jiko la gesi, na bado tunataka mahali pa kupiga tupa, kukata bomba, kunoa visu na kufungua hab ya baiskeli (kitovu cha gurudumu). Meza ina urefu wa sentimita 135 na kina cha sentimita 50. Upande wa kushoto, sentimita 40, haukunjwi kamwe: huo ni wa vaisi, yaani kibanio cha chuma kinachoshika kitu unachokifanyia kazi. Zilizobaki 95 ni ubao unaoinuliwa na kulazwa ukutani kazi ikiisha.

Wengi huanza na meza, kisha wakatafuta pa kubandika vaisi. Ndiyo maana ukipiga tupa meza inacheza kama ngoma. Sisi tunaanza na vaisi yenyewe, meza inaifuata.

Simama wima, kunja mkono, mtu akupime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Mdomo wa vaisi, kwa juu, ukae usawa huo. Tuseme kiwiko kiko sentimita 104 na vaisi yako ya inchi 4 ina kimo cha sentimita 14: meza iwe na sentimita 90. Vipimo vyote vya leo vinafuata hiyo 90. Yako ikiwa 86 au 94, badilisha urefu wa miguu na kimo cha mbao itakayofungwa ukutani, basi. Ikiwa chini mno mgongo unauma, ikiwa juu mno mabega yanachoka na tupa inakwenda mshazari.

Mbao. Nusu ya shiti ya plaiwudi ya milimita 18 inatosha, yaani sentimita 122 kwa 122. Kata vipande vinne: ubao wa kukunja 95 kwa 47.5, tabaka la juu la upande wa vaisi 40 kwa 50, tabaka la chini 43 kwa 45, na utepe wa 95 kwa 2.5. Kisha mbao moja ya inchi mbili kwa nne, futi 12. Humo unatoa 135 ya ukutani, miguu miwili ya sentimita 86.4, na kipande cha 30 cha kuunganisha miguu kwa chini. Mguu wa ubao wa kukunja utatoka kwenye mbili kwa mbili.

Paina iliyonyooka inafaa. Mgrevilea wa huku milimani ni mzuri zaidi ukiwa umekauka, ila ukinunuliwa mbichi wakati wa masika utajipinda ukiwa tayari umeshaufunga. Mkaratusi una nguvu lakini unapasuka kwenye skrubu kama hukutoboa kwanza. Kuna mbao moja msiiguse kwa kazi hii: ile ya kupaulia iliyotiwa dawa, yenye rangi ya kijani. Vumbi lake si la kuvuta ndani ya chumba unacholala, na vipande vyake msivitie jikoni kama kuni.

Sasa ukuta, na hapa tusiende haraka. Kwanza omba ruhusa ya mwenye nyumba. Pili, usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi, kwa sababu waya kwa kawaida hupanda na kushuka wima kutoka hapo. Zima umeme kwenye meini, kisha tumia drili ya chaji au azima umeme wa chumba kingine kwa waya mrefu.

Piga mstari kwa pimamaji. Juu ya mbao ya ukutani iwe sentimita 88.2 kutoka sakafuni, kwa sababu plaiwudi ya milimita 18 itakaa juu yake. Tunatumia rolbolti (bolti zinazotanuka ndani ya ukuta zikikazwa) nne za milimita 10, zenye urefu wa milimita 120: tano za sentimita zinaliwa na mbao, moja na nusu na plasta, zilizobaki ndizo zinazoshika tofali. Weka ya kwanza sentimita 8 kutoka ukingoni, nyingine kila baada ya 40 hivi. Upana wa tundu uko kwenye pakiti ya rolbolti, usikisie.

Angalia hapa kwa karibu. Biti imepita plasta, imefika kwenye tofali, na ghafla inazama bila upinzani, unga unatoka wa mchanga mtupu. Hilo ni tofali lililofyatuliwa kwa saruji kidogo, na nyumba nyingi za kupanga zinayo. Rolbolti ukiikaza humo itazunguka tu, kila ukizidisha nguvu tundu linapanuka. Zima hamari ya drili, toboa kwa kuzungusha tu, na usogee sentimita 10 ujaribu tena. Ikigoma, usishindane na ukuta: simamisha nguzo mbili za mbili kwa nne kutoka sakafuni hadi chini ya mbao ya ukutani. Uzito unakwenda sakafuni, na bolti zinabaki na kazi ya kuzuia meza isivutike mbele. Kwa mpangaji mimi ningezifunga hizo nguzo hata ukuta ukiwa mzuri. Futa vumbi la tundu kabla ya kusukuma bolti, maana likibaki bolti inashika vumbi.

Upande wa vaisi. Paka gundi ya mbao, bandika tabaka mbili za plaiwudi. La juu linakaa juu ya mbao ya ukutani. La chini linaishia mbele yake, ndiyo maana lina kina cha 45. Kwa kushoto yawe sawa, kwa kulia la chini litokeze sentimita 3. Hiyo ngazi ndogo ndiyo itakayobeba ukingo wa ubao wa kukunja. Gandamiza usiku kucha kwa klampu, au kwa skrubu za milimita 30 kutoka chini.

Kabla ya kufunga miguu, weka vaisi mahali pake, kona ya mbele kushoto. Taya lisilotembea litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kikisimamishwa kiweze kushuka bila kugonga mbao. Chora matundu ya bolti. Sasa ndipo unapoweka mguu, katikati ya matundu hayo, ubavu wa inchi mbili ukitazama mbele. Ukifunga mguu kwanza, utagundua bolti inashukia juu yake na itabidi usogeze vaisi ndani, na kila pigo la nyundo litapiga ubao mtupu. Bolti ni za milimita 10, urefu 75, na washa pana (kile kiduara cha chuma chenye tundu) chini. Washa ndogo inazama kwenye plaiwudi na nati inalegea.

Ubao wa kukunja unafuata. Funga ule utepe wa 2.5 juu ya mbao ya ukutani, ukigusa ukuta. Ubao unakaa mbele yake, ukilala juu ya mbao kwa sentimita mbili na nusu zilizobaki. Bawaba tatu za inchi 3 zinafungwa kwa juu, pingili ikitazama juu. Tumekunja kwenda juu kwa makusudi: ukikunja kwenda chini, ile ngazi ya sentimita 3 itauzuia, na masanduku ya chini itabidi yahame kila siku. Mguu wa sentimita 88.2 unafungwa kwa bawaba mwisho wa kulia, karibu na ukingo wa mbele, ukilala kwa urefu wa ubao. Weka komeo dogo ubao ukiwa chini, na kulabu ukutani ukiwa juu. Kulabu isiwe ya kupambia. Ubao huu una kilo tano na zaidi, na watoto hupita hapo.

Taa iwe upande wa mkono usiofanya kazi. Ekstensheni ifungwe ukutani juu ya meza, si chini ya vaisi ambako unga wa chuma unadondoka.

Na gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajikusanya chini, palepale cheche zinapoanguka. Grainda isiwashwe ndani ya chumba chenye mtungi. Toka nayo uani. Ukichomelea risasi ya waya, fungua dirisha, na ukimaliza pangusa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, kisha nawa kabla ya kugusa chakula.

Jaribio: bana kipande cha nondo kwenye vaisi, kivute na kukisukuma kwa mikono miwili. Meza ikienda mbele na nyuma, tatizo liko kwenye rolbolti. Ikienda kushoto na kulia, ni kile kipande cha 30 cha chini. Ongeza skrubu mbili kila upande. Baada ya wiki mbili kaza nati zote upya, kwa sababu mbao hunywea kidogo ikizidi kukauka.