Kona Ndiyo Inayopanga Spidi

Ndugu wasikilizaji, tuanze na viwanja viwili vya NASCAR, yale mashindano ya magari ya Marekani, ambavyo ukivipima kwa kamba vinakaribia kulingana: Martinsville, mita 847 kwa mzunguko, na Bristol, mita 858. Gari ni lilelile. Bristol linamaliza mzunguko chini ya sekunde 15, wastani wa kilomita 210 kwa saa. Martinsville, dereva Joey Logano alipong'ara kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia mwaka 2014, alitumia sekunde 18.9, yaani kilomita 161 tu.

Tofauti iko kwenye kona. Za Bristol zimeinuliwa upande wa nje kwa nyuzi 26 hadi 30, hivyo barabara yenyewe inalisukuma gari kuelekea ndani. Za Martinsville zina nyuzi 12 na zimebana. Hapo tairi ndiyo inabeba mzigo karibu wote, na dereva hana budi kukanyaga breki kwa nguvu.

Hesabu: kona mbili kwa mzunguko, mizunguko 500, breki zinakanyagwa mara 1,000. Diski zinakuwa nyekundu kama kaa la moto, unaziona kwa macho jioni. Mafuta ya breki yakichemka, pedeli inazama mpaka sakafuni. Hata yasipochemka, joto linapita kwenye rimu na kuunguza ukingo wa tairi, tairi inapasuka ilhali bado ina meno ya kutosha, kwa lugha ya mafundi. (Kusema kweli tairi hizi hazina meno kabisa, ni laini kama kipara.) Ndiyo maana timu huweka mabomba ya kupeleka hewa kwenye breki.

Sasa kiwanja cha Talladega, jimbo la Alabama: mzunguko wa kilomita 4.28, kona za nyuzi 33. Mwaka 1987 dereva Bill Elliott alifuzu hapo kwa wastani wa kilomita 342 kwa saa. Siku chache baadaye, kwenye mbio zenyewe, tairi ya dereva mwenzake Bobby Allison ilipasuka, gari likageuka, hewa ikaingia chini yake likanyanyuka na kurarua uzio wa watazamaji.

Ili kupunguza kasi, kuanzia 1988 injini za magari ya Talladega na ya Daytona, kiwanja kingine kikubwa cha kasi, zikafungwa kibati chenye matundu madogo chini ya kabureta. Hewa ikipungua, petroli inayoungua nayo inapungua. Leo kifaa kimebadilika, lakini kazi ni ileile: nguvu za farasi kama 510, badala ya 670 za viwanja vingi vingine mwaka 2022.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Mwaka 2014 dereva Jeff Gordon alipiga wastani wa kilomita 332 kwa saa kwenye kiwanja cha Michigan, penye nyuzi 18 tu, kwa kuwa pale injini haikufungwa kibati. Talladega siku hizi gari likiwa peke yake linacheza kwenye 290. Likitaka zaidi linasogea nyuma ya mwenzake, palipo na hewa iliyokwisha kupasuliwa. Wote wanafanya hivyo, wanabanana puani kwa mkia, na mmoja akiteleza anazoa wengine kwa mafungu.