Mteja wa Bredauni Anataka Kuambiwa Ukweli

Mbukwenyi! Wazee shikamooni, mafundi na kaka zangu wa bredauni, yaani magari ya kuvuta yaliyoharibika, habari za jioni, na nyie wenye magari mliojibana huko nyuma sogeeni jamani viti vipo mbele. Nimeombwa niongee kuhusu huduma ya kuvuta magari. Mimi si fundi, nimekaa miaka mingi kwenye dawati la madai ya bima ya magari hapa hapa Dodoma, kwa hiyo ninachokijua ni kile mtu anachosema akishafika ofisini na karatasi zake mkononi, ameshavutwa, ameshalipa, na bado ana hasira. Na wengi wao ukiwasikiliza vizuri hasira yao haiko kwenye hela. Iko kwenye kuambiwa uongo, au kutoambiwa kabisa. Bredauni imefika wapi hajui, bei imehesabiwaje hajui, gari lake limelala yadi ya nani hajui. Ndo maana nataka leo tuongee ukweli, yaani ukweli wa kwenye simu, yale maneno ya mwanzo kabisa kati ya aliyekwama na anayekuja kumtoa.

Nianze na mama mmoja alikuwa anatoka Morogoro anakuja Dodoma na watoto, gari ikachemsha katikati ya Gairo na Kibaigwa, jua linazama. Akapiga namba aliyopewa na ndugu yake, jamaa akamjibu nipo njiani mama, nusu saa tu. Baada ya nusu saa akapiga tena, akaambiwa nimeshafika Kibaigwa. Kumbe jamaa bado yuko mjini Dodoma anatafuta mafuta! Sasa sikilizeni kilichotokea katikati hapo, mabasi yamepita, mama angeweza kuwapandisha watoto na dada wa kazi wakatangulia nyumbani, hakufanya hivo kwa sababu bredauni inafika sasa hivi. Dereva wa lori akasimama akajitolea kumvuta mpaka Kibaigwa penye taa na watu, mama akamwambia asante kaka nina mtu anakuja. Bredauni ilifika usiku mnene. Kaka zangu, mteja akishakuuliza uko wapi hakuulizi kwa kukusumbua, anataka kupanga. Akijua ni masaa matatu anapanga kwa masaa matatu, anatafuta maji, anawatoa watoto, anampigia mume. Wewe ukisema nusu saa unamfunga mikono. Kwangu mimi uongo huo ni mbaya kuliko kupandisha bei, na nasema hivi nikiwaangalia machoni kwa sababu najua hapa wapo wanaosema hivo kila siku wakiamini wanamtuliza mteja.

Na njia zetu hizi mnazijua. Dodoma mpaka Morogoro ni kama kilomita 260, ukienda upande wa pili kuna Bahi, Kintinku, Manyoni mpaka Singida, kuna ya Kondoa kwenda Babati, kuna ya Mtera kwenda Iringa, na zote hizo mtu akikwama anaangalia Dodoma mjini. Kipindi cha Bunge la bajeti magari yanakuwa mengi kweli. Kutoka mjini hadi Gairo na gari la kuvuta si nusu saa hata barabara iwe tupu. Sema masaa mawili. Mteja atalalamika kidogo halafu atakushukuru.

Sasa bei. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna kijana aliambiwa kwenye simu laki mbili, gari imefika gereji akaambiwa laki tatu na nusu. Kwa nini? Akaambiwa ile laki mbili ilikuwa ya kwenda tu, halafu kuna ya winchi, ile mashine ya waya wa kuvutia, halafu ni usiku. Akasema mbona hukuniambia, akajibiwa hukuuliza. Hukuuliza! Mtu amekaa kando ya barabara, malori yanampita gari linatikisika, simu ina chaji ya mwisho, atauliza nini? Anayejua maswali ni wewe unayefanya kazi hii kila siku, kwa hiyo wewe ndo unatakiwa umuulize yeye. Gari aina gani, otomatiki au manyuo, tairi zote zinazunguka au moja imejifunga, liko juu ya lami au limeingia kwenye korongo, lina mzigo, maana Canter iliyojaa vitunguu vya Singida si sawa na Canter tupu, na unataka lipelekwe wapi. Ukishayajua hayo unaweza kutaja bei moja ya kila kitu, kwenda, kurudi, winchi, usiku, ukamwandikia kwenye meseji au Wasapu, na yeye akajibu nimekubali. Meseji mbili tu hizo. Sijawahi kuona ugomvi mkubwa ukija mezani kwangu ambapo pande zote mbili zilikuwa na hizo meseji, ugomvi wote ni wa maneno ya mdomo, huyu anasema nilimwambia, huyu anasema hakuniambia.

Ila na nyie wenye magari niwaambie, maana kaka zetu hawa nao wanaumizwa. Mtu anapiga simu anasema ni gari dogo tu liko pembeni ya barabara, bredauni inafika inakuta gari liko mtaroni tairi juu, kazi ya saa nzima na waya wa winchi, halafu mteja anataka bei ile ile. Wengine ni mbaya zaidi, anaita bredauni tatu kwa pamoja, ya kwanza kufika ndo inapata kazi, hizo mbili zinarudi mjini na mafuta yameungua bure. Au lori limepita likamvuta, hata kupiga simu kusema usije hapigi. Ndo maana wanaomba hela ya mafuta kwanza na mimi naona wana haki, mtumie hela ya mafuta kwa lipa namba, lakini hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la huyo huyo unayeongea naye au la ofisi yake, akutumie na picha ya gari inayokuja ionekane namba. Asiyetaka kutuma namba ya gari achana naye.

Nikirudi kwenye otomatiki. Naomba hili mlishike hata kama mengine mtasahau. Gia boksi ya otomatiki inalainishwa na oili inayosukumwa na pampu, na hiyo pampu inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima pampu imelala, sasa ukilifunga kamba ukalivuta huku tairi zinazoendesha zinazunguka chini, ndani ya gia boksi vyuma vinasagana vikavu. Mwendo mfupi wa kulitoa barabarani, polepole, gia ikiwa nyutro, magari mengi yanavumilia. Kulitoa Manyoni mpaka Dodoma, hapana! Magari kama IST na Passo mengi yanaendeshwa na tairi za mbele, kwa hiyo yanyanyuliwe mbele. Crown na Mark X nyingi ni tairi za nyuma, kwa hiyo ukinyanyua mbele ukaacha za nyuma zizunguke umeharibu. Forester na yote ya foo wili yabebwe mzima mzima juu ya gari, hakuna njia ya mkato. Kuna mteja IST yake ilikufa alternata tu, kitu cha kubadilisha siku moja, ikavutwa kwa kamba njia nzima, ikafika Dodoma na gia boksi imeungua. Akaja kwetu na bima yake kubwa, tunayoita kampani, anaamini italipa. Bima za magari kwa kawaida hazilipi ubovu wa mashine, zinalipa ajali, moto, wizi. Alilia pale mezani, na mimi niliumia sana maana aliyemvuta alikuwa anajua ni otomatiki na hakusema kitu.

Na kamba yenyewe ina hatari yake, gari lililozima breki zinakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache, usukani unakuwa mzito, sasa uko nyuma ya lori kwa kamba fupi mnateremka Saranda, aliyekaa kwenye usukani wa nyuma ni mtoto wa shule kwa sababu baba kapanda mbele kumwelekeza dereva. Msifanye hivo jamani.

Yadi. Gari limepata ajali, mwenyewe yuko hospitali, limevutwa. Wiki mbili baadaye anapona anaanza kulitafuta, analikuta yadi ya mtu, kila usiku uliolala unadaiwa, redio haipo, betri haipo, spea tairi haipo. Hili linauma kuliko yote kwa sababu mtu hakuwa hata na nafasi ya kukubali au kukataa. Wenye yadi naomba mpige picha gari likiingia, pande zote nne na ndani, mwandike kilomita na vitu vilivyomo, mpige simu kwa ndugu au kwa kampuni ya bima jamani! Na familia, mtu wenu akipata ajali mmoja aende hospitali na mwingine siku hiyo hiyo afuatilie gari.

Kuhusu bima nitaenda haraka. Bima kubwa nyingi zina kipengele cha kuvuta gari baada ya ajali lakini kina kikomo, soma cheti na mkataba wako wa bima kabla hujakwama, kinachozidi kikomo unalipa mwenyewe. Ya thedi pati haikuvuti wewe, ipo kwa ajili ya uliyemgonga. Ukitaka urudishiwe hela leta risiti ya EFD, ile ya mashine, karatasi ya daftari iliyopigwa muhuri inatusumbua sote, na karatasi za polisi ikiwemo ya ukaguzi wa gari. Ukiona kampuni inakuzungusha ipo TIRA, mamlaka inayosimamia bima, makao makuu yao ni hapa hapa Dodoma, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Sasa usalama, maana bredauni ikifika ikakuta umegongwa haina faida. Weka triangle mbali, si hatua mbili nyuma ya gari, lori linalotembea kasi haliwezi kusimama kwa hatua mbili. Kama huna ukaweka matawi sawa, ila gari likitoka toa matawi na hasa toa mawe, watu wanavuta gari lao wanaondoka mawe yanabaki kwenye lami usiku kucha anakuja bodaboda asiyejua kitu. Usilale ndani ya gari lililosimama barabarani. Shukeni wote mkae mbali na lami. Na kama lililoanguka ni lori la mafuta ondokeni, piga 114 Zimamoto. Tunakumbuka moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa, na wengi walikuwa wamekwenda tu kuchota petroli.

Kuna dada ameinua mkono. Anauliza, nikiwa peke yangu usiku na nimepiga namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo nitajuaje huyu anayekuja ni mtu salama? Swali zuri sana. Mtumie ndugu yako lokesheni, jina la huyo mtu na namba ya gari lake kabla hajafika, na mwambie wazi huyo wa bredauni kwamba umeshatuma. Anayefanya kazi halali hachukii, atakwambia sawa dada. Mtandao ukiwa mbovu tembea mpaka kijijini au kwenye kituo cha mafuta, soma na vibao vya kilomita pembeni ya barabara umtajie namba, inasaidia kuliko kusema nipo karibu na mbuyu, mibuyu huku kwetu ni mingi. Ukihisi hofu piga polisi 112.

Haya, kabla hatujachukua swali la mzee pale, toeni simu tusevu namba za hawa kaka waliosimama, waulizeni hapa hapa bei ya kwenda Kibaigwa, ya Bahi, ya Mtera, mchana na usiku, mkiwa mmeshiba na hamna haraka. Na fundi yuko nje na gari, asiyejua ndoano ya kuvutia ya gari lake inafungwa wapi kwenye bampa atoke naye akaonyeshwe. Mzee, karibu.