Masharti ya Uchawi: Kinachowashika Vijana Katika Riwaya za Maajabu

(Mhadhara kwa walimu, wakutubi na wazazi, Tanga)

Asalamu alaikum, na shikamooni wazee wangu. Walimu, wakutubi, wazazi, na ninyi vijana mliokaa huku nyuma, karibuni.

Mtoto wa darasa la sita anasinzia mbele ya kitabu cha kiada, kisha usiku anakesha na riwaya ya kurasa 300 yenye wachawi na majoka. Kimemshika nini? Wengi hujibu haraka kwamba watoto wanapenda maajabu. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu maajabu matupu huchosha upesi. Jini anayeweza kila kitu hana la kumtia msomaji wasiwasi. Kinachomshika kijana ni masharti: nani anaweza, nini hakiwezekani, na nani atalipa.

Tuko Tanga, basi tuanze na mtu wa hapa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, ametuachia Adili na Nduguze. Humo Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini, na jini Huria anawageuza manyani. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo, waovu wamekwisha kuadhibiwa. Shaaban akaongeza sharti: Adili mwenyewe, yule aliyedhulumiwa, lazima awachape manyani hao kila usiku. Anawalisha vizuri, anawahurumia, kisha anashika mjeledi, kisha analia. Msomaji kijana akifika pale hashughuliki tena na sura ya jini. Anauliza: je, akiacha usiku mmoja? Swali hilo ndilo linalofungua ukurasa unaofuata.

Sasa twende mbali kidogo. Mwaka 1968 Mmarekani Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea. Dunia yake yote ni visiwa na watu wanasafiri kwa vyombo vya tanga. Mtoto wa Sahare, hapa pwani ya Tanga, hahitaji kuelezwa. Wachawi wake wanaweza kuita upepo na mvua, lakini waliokomaa hawafanyi hivyo ovyo, maana mvua ukiivuta hapa huenda ukame ukapiga kisiwa kingine. Kijana Ged ana kipaji na ana majivuno. Ili amwoneshe mwenzake kazi, anaita roho ya mfu. Kupitia ufa alioufungua kinatoka kivuli kinachomrarua uso, na mkuu wa wachawi anatumia nguvu zake zote kuuziba ufa ule, anakufa. Deni la kijana limelipwa na mzee. Someni sura hiyo kwa sauti mbele ya vijana wa kidato cha pili muone darasa litakavyonyamaza.

Hata mfululizo wa Harry Potter wa J. K. Rowling, wa vijana wa shule ya uchawi, ulioanza 1997, unakwenda hivyo hivyo. Watu wanakumbuka fimbo za uchawi na wanasahau ratiba, mitihani na adhabu. Katika kitabu cha saba, cha 2007, vijana watatu wenye fimbo mikononi wanashinda na njaa hemani, kwa kuwa sheria ya uchawi wao hairuhusu chakula kitoke katika utupu.

Kwa nini umri huu hasa? Kijana wa miaka 11 hadi 16 anaishi chini ya amri nyingi asizoelezwa sababu zake. Riwaya inampa dunia ambayo amri zake zinajifunzika, na aliyejifunza vizuri anaokoka. Mimi nadhani hilo lina nguvu kuliko joka lolote.

Sasa hofu ya wazazi, nayo inastahili jibu la heshima. Nchini mwetu tuhuma za uchawi zimeua watu. Kina bibi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na miaka mingi ya moshi wa kuni inatosha kuyafanya mekundu. Wenye ualbino wamekatwa viungo. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto kitabu, soma sura tatu za mwanzo na mbili za mwisho ukiangalia jambo moja: mchawi mbaya anatambulikaje? Kama ni kwa uzee, rangi ya ngozi, jicho au kibyongo, kiache rafuni. Kama ni kwa matendo yake, mpe. Hapo sina simile.

Kuhusu usomaji darasani, nakala moja inatosha wanafunzi 40 ikiwa msomaji ana sauti. Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: tano za kukumbushana, 25 za kusoma, kumi za mazungumzo. Katika dakika 25 utapita kurasa nane hadi kumi, ukizidisha unakimbia. Maneno magumu eleza kabla ya kuanza, yasizidi matatu. Mwalimu anayesimama kila aya kufafanua msamiati anaua hadithi, na watoto wataanza kuchungulia dirishani. Usingoje mwisho wa sura ndipo ufunge kitabu. Kifunge pale sharti limeshajulikana na uchawi bado haujatumika. Na tafadhali, msiulize "hadithi inatufundisha nini?" Watoto watakariri jibu wanalojua mnalitaka. Ulizeni: "Wewe ungekubali kulipa bei hiyo?" Andikeni majibu ubaoni, na kipindi kijacho myalinganishe na kilichotokea.

Ninyi vijana mnaoandika, kosa kubwa ninaloliona kwenye miswada ni hirizi inayojitokeza ukurasa wa mwisho na kumaliza kila kitu. Msomaji anahisi amedanganywa, na ana haki. Uchawi utakaoamua hadithi uonekane mara mbili kabla: mara moja ukifanya kazi, mara moja ukigoma, na sababu ya kugoma ieleweke. Kosa la pili ni mlango wa kuingilia dunia ya maajabu. Mapango ya Amboni, hapa jirani na Tanga, yanavutia, kila mmoja wenu anataka shujaa wake apotelee humo, na pango la chokaa lenye giza na popo linafaa kweli. Ila kumbukeni kuna watu wanaopeleka sadaka zao mle mzimuni. Msiwafanye vitisho vya hadithi yenu.

Karatasi zinapita sasa. Andikeni kitu kimoja cha uchawi, kidogo, cha kubebeka mfukoni. Chini yake mambo mawili kinayoweza, matatu kisiyoweza, na bei moja anayolipa mtumiaji kila mara. Bei isiwe kifo, kifo ni rahisi mno. Iwe kitu ambacho mtu atakikosa kesho yake asubuhi. Mna dakika kumi, kisha kila mtu ampe jirani yake atafute mwanya wa kuikwepa bei hiyo.