Mwenye Vichache Mbele ya Kamera

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni.

Walionialika waliniomba nizungumze kuhusu filamu za maisha ya watu, zile zinazotia moyo, kisha kwenye ujumbe uleule wakaongeza: "na kuishi na vitu vichache." Mwanzoni niliona ni mada mbili zilizopakizwa bodaboda moja. Kumbe zinakutana, tena zinakutana penye shida ya kiufundi: kamera haiwezi kupiga picha ya kitu ambacho hakipo. Mtu akinunua jumba, unalipiga picha. Asiponunua, unapiga picha ya nini? Mwongozaji akibanwa hapo hutafuta kitu kimoja kichakavu, kandambili, shati lililofumuka, gari kuukuu, akakisogezea lenzi mpaka kijae skrini nzima. Nasi tunatoka ukumbini tunakumbuka kandambili, mwenye nazo tumemwacha humo ndani.

Chukueni Gandhi, filamu ya Richard Attenborough ya mwaka 1982. Ilizoa tuzo 8 za Oscar. Kwa tukio la mazishi peke yake walikusanywa watu wanaokadiriwa kufika 300,000, kumsindikiza mtu aliyeacha duniani miwani, saa ya mfukoni, ndala na vibakuli vya kulia. Sisemi kwa kebehi, filamu ile naipenda. Ila tukio linalonishika mimi ni dogo kuliko hilo. Wako Afrika Kusini, kwenye jumuiya waliyoianzisha, ambako kila mtu ana zamu ya kusafisha choo. Zamu inamfikia Kasturba, mke wa Gandhi, naye anakataa, maana alivyolelewa hiyo ni kazi ya watu wa tabaka la chini. Gandhi anapandwa na hasira, anamkokota mkewe amtoe nje. Yeye huyo, mtetezi wa amani! Kisha anajirudi kwa aibu. Pale filamu imesema kweli ambayo vitabu vingi vya kusifia maisha ya kujinyima huiruka: baba akiamua kupunguza, kuna wengine nyumbani wanaopunguziwa bila kuulizwa.

Muda uliobaki nataka nikae na mtu mmoja, José Mujica wa Uruguay, aliyezoeleka kwa jina la Pepe. Alizaliwa Montevideo mwaka 1935, akafariki Mei 2025, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 90. Alikuwa rais kuanzia 2010 hadi 2015. Mwaka 2018, kwenye tamasha moja la filamu huko Venice, zilionyeshwa filamu mbili zinazomhusu. Ya kwanza ni La noche de 12 años ya Álvaro Brechner, Mruguay mwenzake. Hiyo ni ya kuigizwa. Ya pili ni El Pepe, una vida suprema ya Emir Kusturica, ambayo mzee yumo mwenyewe, anaongea na kunywa mate, ile chai chungu ya kwao inayofyonzwa kwa mrija.

Wengi wetu tumemjua Mujica kupitia picha za kwenye simu, na zinasema mambo matatu: rais maskini kuliko wote duniani, mbwa mwenye miguu mitatu, na Volkswagen ya buluu ya mwaka 1987. Mbwa na gari ni kweli. Hilo la umaskini alilikataa mwenyewe. Alikuwa akisema maskini ni yule anayehitaji vingi, asiyetosheka. Mshahara wake wa urais ulikuwa kama dola 12,000 kwa mwezi, naye akitoa karibu asilimia 90, sehemu kubwa ikienda kwenye mpango wa kuwajengea nyumba watu wa hali ya chini. Makazi ya rais hakuhamia. Alibaki shambani kwake Rincón del Cerro, nje kidogo ya Montevideo, kwenye kijumba cha bati, yeye na mkewe, Lucía Topolansky, mahali walipokuwa wakilima maua ya kuuza. Alipotangaza mali zake mwaka 2010 zilifika kama dola 1,800, yaani bei ya gari lile.

Sasa filamu ya Brechner haina gari wala mbwa. Inarudi nyuma kabisa, kwenye miaka ambayo Mujica hakuwa hata na mkanda wa suruali.

Alikuwa Tupamaro, kundi la wapiganaji wa siri wa mjini, na hawakuwa malaika: walipora benki, waliteka watu, waliua. Mwaka 1970 alipigwa risasi 6 akikamatwa. Septemba 1971 alitoroka jela ya Punta Carretas kwa handaki, yeye na wenzake zaidi ya 100. Akakamatwa tena. (Jela hiyo leo ni jumba la maduka. Ukifika Montevideo unaweza kununua viatu juu ya handaki lile. Sikutunga.) Jeshi lilipochukua nchi mwaka 1973, viongozi tisa wa Tupamaro walitolewa jela wakafanywa mateka: kundi likithubutu kushambulia, wao wanauawa. Filamu inawafuata watatu, Mujica, Mauricio Rosencof na Eleuterio Fernández Huidobro, wakihamishwa kambi hadi kambi, kila mmoja kafungiwa peke yake, mpaka Machi 1985.

Tazama Brechner alivyoitatua ile shida ya kupiga picha ya kitu kisichokuwapo. Ameitatua kwa masikio. Nusu ya filamu hiyo ni sauti: buti kwenye korido, komeo, maji yanayodondoka, na vifundo vya vidole vinavyogonga ukuta, mapigo kadhaa kwa kila herufi, mpaka neno, mpaka sentensi. Wanaogonga hawaonani. Hawana karatasi, hawana mwanga wa kutosha, na bado wanataniana kupitia tofali.

Kuna tukio la choo. Mfungwa kafungwa pingu kwenye bomba kwa namna ambayo hawezi kuchuchumaa. Askari aliyemleta hana ruhusa ya kugusa pingu. Anaitwa mkubwa wake, naye hana ruhusa, anamwita wa kwake, ngazi kwa ngazi, hadi kichoo kile kinajaa vyeo vya jeshi, huku mfungwa suruali iko magotini. Watu hucheka sana hapo, hata mimi. Lakini oneni kinachojadiliwa. Mtu amenyang'anywa vitu mpaka vikaisha, sasa wamefika kwenye mwili wake.

Nalitaja hili makusudi, kwa sababu kuna hadithi tamu inayokuja haraka mno, kwamba jela ndiyo iliyomfundisha Mujica kuridhika. Yeye mwenyewe aliichangia. Alisimulia kwamba alikaa miaka saba bila kusoma kitabu, na kwamba usiku aliopewa godoro alijiona yuko starehe. Alisimulia jinsi alivyozoeana na panya na vyura, na kwamba ukiweka sikio karibu na sisimizi utawasikia wakipiga kelele. Mtu akisikia hayo anaweza kudhani seli ni aina ya chuo. Basi tuwaulize wenzake wa kambi zilezile. Adolfo Wasem alikufa kwa saratani mwaka 1984, bado mfungwa. Henry Engler alivurugikiwa akili humo ndani. Alipotoka alikwenda Sweden akawa daktari na mtafiti wa ubongo, na sidhani kama kuna mtu angemwambia usoni kwamba alikuwa masomoni. Seli haikumfundisha mtu kitu. Alichofanya Mujica baada ya kutoka ndicho cha kutazamwa, maana baada ya kutoka ndipo alipokuwa na hiari.

Na hiari ndiyo inayotenganisha mambo ambayo filamu hizi huyachanganya. Hapa kwetu tunayo ya Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi. Filamu yake, The First Grader, ilitoka 2010, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nimewasikia watu wakiitaja kwenye orodha za filamu za maisha rahisi. Jamani! Maruge hakuchagua maisha rahisi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 mali yake iliibwa, akaishia kambi ya waliopoteza makazi. Yule mzee alikuwa anataka zaidi: asome mwenyewe, ahesabu mwenyewe. Ukimfanya mfano wa kuridhika na kidogo umemdhulumu mara ya pili. Wewe unayetengeneza filamu, ukiona unapiga picha za nyumba ya udongo na muziki wa zeze taratibu, jiulize mwenye nyumba angependa nini kama angeulizwa.

Nirudi kwa Mujica. Kwenye filamu ya Kusturica hoja yake inasikika kwa mdomo wake, na ni hoja ya hesabu, haina utakatifu wowote. Unaponunua kitu, alikuwa akisema, hukilipi kwa pesa. Unakilipa kwa muda wa maisha yako uliotumika kuzipata hizo pesa. Na muda hauuzwi dukani. Juni 2012, kwenye mkutano wa Rio kuhusu maendeleo endelevu, aliwaambia viongozi wenzake kuhusu balbu: kwamba zipo balbu zinazoweza kuwaka saa 100,000, lakini zinatengenezwa za saa 1,000, ili ununue nyingine, ili ufanye kazi zaidi, ili ununue nyingine. Pale ukumbini walikuwamo watu waliokuja kwa ndege zao binafsi.

Hesabu hii hainipi shida. Kinachonipa shida ni jinsi kamera inavyoikwepa. Kama vitu vichache vinakununulia muda, basi filamu ituonyeshe huo muda. Mzee alifanya nini na saa zake? Alipanda maua, aliendesha trekta, alisoma, alibishana siasa mpaka wasikilizaji wakachoka. Kusturica anajitahidi: anamwacha azungumze, anakaa kimya naye huku kibuyu cha mate kikipita mkono kwa mkono, na baadhi ya dakika hizo hazina tukio lolote. Kuna watazamaji waliolalamika kwamba filamu inakwenda polepole. Mimi naona hapo ndipo ilipofaulu.

Kuna moja linalotuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na jeshi la kujenga taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao mamia kwa mamia, na papo hapo akajikata mshahara kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha na miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mnaona tofauti yake na Mujica? Mujica alitoa mshahara wake na hakumlazimisha waziri yeyote atoe wa kwake. Mwalimu aliifanya kuwa sheria ya chama. Sheria hiyo ilidumu mpaka Azimio la Zanzibar, 1991, ilipolegezwa. Mtengenezaji filamu mwenye ujasiri angeanzia hapo, kwenye kikao ambacho watu wenye nyumba za kupangisha wanasikiliza wakitakiwa waziachie. Hapo kuna mgogoro, kuna nyuso za kupigwa picha. Shati la Mwalimu lisubiri.

Nami nisiwauzie watakatifu. Kuishi kwa vichache hakumfanyi mtu kuwa mtawala hodari. Shirika la ndege la Uruguay, PLUNA, lilifungwa mwaka 2012 Mujica akiwa madarakani, na mageuzi ya elimu aliyoahidi wakosoaji wake walisema hayakuonekana. Kwetu pia, uadilifu wa Mwalimu haukuzuia foleni za sukari. Filamu nyingi za kusifu huliacha hili kwa kuogopa kuchafua picha, na ndipo zinapoanza kunuka propaganda.

La mwisho ni la nyumbani, nalo mara nyingi huulizwa na akina mama. Mujica na Lucía hawakuwa na watoto. Hakuna aliyewaamsha alfajiri akidai ada au sare ya shule. Mzazi wa watoto wanne anayepunguza vitu anafanya hesabu nyingine kabisa, na sijaona filamu iliyoifanya kwa umakini.

Na huyo Lucía! Alitoka familia iliyokuwa na uwezo, akaingia Tupamaro, akafungwa miaka ile ile ambayo mumewe alikuwa mateka. Machi 1, 2010, yeye ndiye aliyemwapisha mumewe kuwa rais, kwa kuwa alikuwa seneta wa orodha iliyoongoza kwa kura. Baadaye, kuanzia 2017 hadi 2020, alikuwa makamu wa rais. Kijumba kile cha bati ni chake vilevile, maua ni yake vilevile, na uamuzi wa kuishi hivyo ulikuwa wake kabla hata hawajafunga ndoa mwaka 2005. Lakini kwenye picha zinazosambaa yeye ni yule mama aliyesimama pembeni ya gari. Mkiniuliza filamu ninayoisubiri katika aina hii, ni ya kwake, na Pepe apewe nafasi ndogo, apite nyuma na ndoo yake akienda kumwagilia.

Nimemaliza. Kipaza sauti anacho kijana pale mstari wa tatu, karibuni kwa maswali, na anayetaka kumtetea Attenborough aanze yeye.